Kumcheka Askari: Mazungumzo ya Gitega na Muyinga

Wasemao kwamba kicheko hakina mizani hawajapata kuketi na walimu wa Kiswahili wakitazama mchezo wa polisi. Sisi tumeketi nao, maana sisi wenyewe ndio hao walimu. Baadhi yetu hufundisha Gitega, mji ambao tangu mwaka 2019 ndio makao makuu ya kisiasa ya Burundi. Wengine hufundisha Muyinga, kaskazini-mashariki, karibu na mpaka wa Tanzania. Wakati wa likizo hutembeleana kwa njia ipitayo Karusi, petroli inapopatikana, na sahani zikishaondolewa, mazungumzo yetu hayakawii kuifikia michezo ya kuchekesha ya askari polisi. Katika makala haya twakusudia kuwaeleza wasomaji tulivyobishana juu ya michezo hiyo: nani ampenda nani, nani amtii nani, kipi kinachekesha na kwa sababu gani. Twakusudia pia kueleza jinsi ubishi huo wa burudani ulivyotufikisha kwenye swali ambalo si la burudani hata kidogo, nalo ni hili: je, yafaa kumcheka askari katika nchi iliyopata kumwogopa askari?

Kwanza yatupasa kuwajulisha wasomaji michezo yenyewe. Wazee wetu wa Gitega, waliosoma kwa Kifaransa, humpenda Louis de Funès katika filamu za yule jandarme wa Saint-Tropez. Filamu hizo ni 6. Ya kwanza ilitoka mwaka 1964 na ya mwisho mwaka 1982. Wenzetu wa Muyinga, ambao Kiswahili wamekikuta sokoni, misikitini na kwa jirani zao wa Tanzania, hupendelea michezo ya Kenya. Wanao Vioja Mahakamani, mchezo wa tangu zama za Sauti ya Kenya, kabla shirika hilo halijageuzwa kuwa KBC mwaka 1989. Na wanaye Inspekta Mwala, aliyeigizwa na Davis Mwabili katika Citizen TV. Vijana nao, walimu wa miaka miwili mitatu kazini, huja na simu zilizojaa Brooklyn Nine-Nine, mchezo wa Marekani ulioonyeshwa tangu Septemba 2013 hadi Septemba 2021, jumla ya vipindi 153, juu ya kituo cha polisi cha kubuni mjini New York. Hivyo katika sebule moja hukutana Ufaransa ya wazee, Kenya ya majirani na Marekani ya vijana, na kila upande huona kwamba askari wake ndiye achekeshaye kuliko wengine.

Ubishi wa kwanza ulihusu filamu za Saint-Tropez. Miongoni mwa watazamaji wetu wa Gitega yumo mzee mmoja, jirani yetu, aliyetumikia jandarmeri kabla ya kuundwa kwa Polisi ya Taifa ya Burundi mwaka 2004. Yeye hucheka kuliko sote. Alitushikilia kwamba roho ya filamu hizo si zile mbio za kuwafukuza waogeleaji walio uchi ufukoni, bali ni uhusiano wa watu wawili: Cruchot, anayeigizwa na de Funès, na mkubwa wake Gerber, anayeigizwa na Michel Galabru. Watu hawa hawapendani, lakini hawawezi kuachana. Cruchot ana nyuso mbili: mbele ya mkubwa huinama kama mgomba uliolemewa na mkungu, mbele ya wadogo hunguruma kama simba. Kicheko huzuka pale nyuso hizo mbili zinapokutana, mkubwa akiingia ghafla ilhali Cruchot angali akinguruma. Mzee wetu alisema kwamba katika miaka yake ya kazi aliwaona akina Cruchot wengi, na kwamba wakati ule hawakumchekesha hata mara moja.

Mwalimu mwenzetu wa kike alimpinga kwa adabu. Kwa maoni yake, mhimili wa filamu ya kwanza ni baba na binti. Cruchot ahamia mji wa pwani pamoja na bintiye Nicole. Msichana aona vijana wa kitajiri wakimdharau, asema uongo kwamba baba yake ni tajiri mwenye jahazi kubwa la starehe bandarini. Uongo huzaa uongo. Gari la kifahari laingia mtaroni, picha ya thamani iliyoibwa yaonekana ndani yake, na baba, mlinzi wa sheria, ajikuta akificha alichopaswa kukitangaza, kwa sababu tu ya kumsitiri mtoto wake. “Hapo,” alisema mwenzetu, “sheria na damu vinagombana ndani ya sare moja. Mwenye mtoto aliyefika umri wa kuona haya kwa ajili ya wazazi wake ataicheka filamu hiyo kwa namna nyingine.” Sisi wenye watoto wa umri huo tulinyamaza kidogo, kisha tukakubali.

Filamu ya mwaka 1968 ilituletea ubishi zaidi, nayo yatuhusu sisi walimu. Cruchot na Gerber wafanya mtihani wa kupandishwa cheo. Cruchot atangazwa mshindi, ampita mkubwa wake, amtesa kama alivyoteswa. Kisha yagunduliwa kwamba matokeo yalikosewa, na mambo yageuka tena. Ni mwalimu gani asiyejua uchungu wa matokeo yaliyokosewa? Lakini tulichokiona hapo ni kikubwa kuliko mtihani. Mtazamaji huona kwamba nyuso mbili za Cruchot hazikutokana na tabia yake pekee. Zilitokana na ngazi aliyosimama. Mpandishe daraja moja, atafanya yale yale aliyoyalalamikia jana. Tashtiti iliyo bora ndivyo ilivyo: humcheka mtu mmoja ili tuione ngazi nzima.

Vijana walipopata zamu yao, walituambia kwamba katika Brooklyn Nine-Nine ngazi hiyo imepinduliwa. Mkubwa wa kituo, Kapteni Raymond Holt, hanguruma wala hainamii mtu. Uso wake haubadiliki akiwa na furaha wala akiwa na msiba. Andre Braugher, aliyemwigiza, alifariki Desemba 2023, na vijana wetu walimwomboleza kana kwamba ni mjomba wao. Chini yake yupo mpelelezi Jake Peralta, hodari wa kazi lakini mwenye mambo ya kitoto, ambaye katika kipindi cha kwanza agoma kufunga tai. Ugomvi wa tai waonekana mdogo, lakini Holt amfahamisha kwamba tai ni sehemu ya sare, na sare ni alama ya kuwa mmoja wa kundi. Tangu hapo, walisema vijana, mchezo wote ni habari ya mtu asiyelelewa vema na baba yake, akijitafutia baba ofisini bila kukiri. Siku moja ulimi wamteleza, amwita Holt baba mbele ya wote, naye ajitahidi kukana, na kadiri anavyokana ndivyo wenzake wanavyozidi kumcheka.

Mzee wetu wa jandarmeri aliuliza: mkubwa asiyecheka atachekeshaje? Kijana mmoja alimjibu kwa mfano wa Kiswahili. Alisema, mtu akikusimulia kisa cha kuchekesha huku akicheka mwenyewe, amekula nusu ya kicheko chako. Lakini mzee akikusimulia kisa hicho hicho kwa sauti ya mazishini, kicheko chote amekuachia wewe. Jibu hilo lilipendwa, na hata Muyinga tumelisikia likirudiwa na watu wasiojua lilikotoka.

Jambo jingine lililotugawa ni mapenzi ya Jake na mwenzake Amy Santiago. Walianza kwa kushindana nani atakamata wahalifu wengi. Wakamaliza kwa kuoana, katika kipindi cha Mei 2018, nje ya kituo chao, baada ya mipango yote ya arusi kuharibika. Wazee walidai kwamba wapenzi wakishaoana, vichekesho hufa, maana kilichowafanya watu watazame ni kungoja. Vijana walikana. Walisema Jake na Amy hawakupoteza kitu kwa kuoana, kwa kuwa kicheko chao hakikutoka katika kungoja bali katika tofauti zao: mmoja hupanga kila kitu katika madaftari, mwingine hajui hata deni lake mwenyewe. Tofauti za namna hiyo haziishi siku ya arusi, bali hapo ndipo zinapoanza, na kila aliyeoa au kuolewa ni shahidi. Kwa habari za ushabiki, inafaa kukumbuka kwamba mwezi ule ule wa Mei 2018 kampuni ya Fox ilitangaza kuufuta mchezo huo, mashabiki wakapiga kelele nyingi, na kwa muda wa siku moja hivi kampuni ya NBC ikauchukua. Kumbe na mashabiki nao wana rungu lao.

Wenzetu wa Muyinga walisikiliza habari zote hizo kwa subira, kisha wakauliza: je, kati ya michezo hiyo upo mmoja unaochekesha kwa Kiswahili? Swali hilo lilikuwa la haki. Kicheko cha Vioja Mahakamani hakimo katika mapenzi wala katika mbio. Kimo katika lugha. Upande mmoja kuna Kiswahili cha mahakama, cha mashtaka, vifungu na ushahidi. Upande wa pili kuna Kiswahili cha mshtakiwa, cha sokoni na cha nyumbani kwao. Mwendesha mashtaka auliza swali lililonyoka, mshtakiwa ajibu kwa kulizunguka kama mtu azungukaye dimbwi, na mwishowe hatujui nani amemhoji nani. Uhusiano wa hakimu, mwendesha mashtaka na mshtakiwa ni wa wasemao lugha moja wasioelewana, na hiyo ni hali tunayoijua sote tuliowahi kusimama mbele ya meza ya ofisi.

Hapo ndipo lilipozuka suala la lafudhi, na kwetu sisi walimu halikuwa suala dogo. Michezo mingi ya Kenya huchekesha kwa lafudhi za makabila. Mzee Ojwang' wa Vitimbi, aliyependwa Afrika Mashariki nzima, alizungumza Kiswahili cha Kijaluo. Lakini mwigizaji wake, Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Wengine kati yetu walisema kwamba jambo hilo laonyesha ustadi wa ajabu na udugu wa watu wanaoweza kuvaliana ndimi. Wengine walisema kwamba kumwiga mwenzio anavyokosea ni dhihaka, hata ukimwiga vizuri namna gani.

Ubishi huo ulitugusa nyumbani, maana Kirundi hakina sauti ya l kama ilivyo katika Kiswahili. Mtoto wetu husema “kurara” akikusudia kulala, na “habari za kurara” ni salamu tuisikiayo kila asubuhi. Mwalimu wa Muyinga alitusimulia habari za mwanafunzi wake, msichana mwenye akili, aliyekataa kusoma kwa sauti darasani kwa muda wa muhula mzima. Sababu ni kwamba wenzake walikuwa wamejifunza kutoka katika michezo ya video kumwiga kila anayekosea, na walipomwiga darasa lote liliangua kicheko. Mwalimu huyo aliona kwamba michezo hiyo isikaribishwe shuleni. Kiswahili kimeingia katika shule zetu za msingi katika miaka iliyozunguka kujiunga kwetu na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Bado ni mche mchanga. Je, tuwape watoto sababu nyingine ya kuuonea haya?

Tulibishana juu ya hoja hiyo hadi adhuhuri. Mwishoni tulifikia tofauti moja ambayo twaona inafaa kuandikwa. Katika michezo iliyo bora, mwenye lafudhi ndiye mwenye akili. Mshtakiwa wa Vioja akipotosha maneno, mara nyingi huyapotosha kwa faida yake. Mwenye Kiswahili safi ndiye anayeachwa akikuna kichwa. Hapo kicheko chamwendea mnyonge kama ngao. Lakini katika michezo iliyo dhaifu, mwenye lafudhi ni mjinga tu, na lafudhi yake ndiyo ushahidi wa ujinga wake. Mwalimu anayetaka kutumia michezo hii darasani aulize swali hilo kabla ya kuwasha televisheni: katika mchezo huu, nani ashinda kwa ulimi? Yule msichana wa Muyinga alirudi kusoma baada ya mwalimu wake kulipa darasa kazi ya kutunga kesi ya kubuni, na yeye kupewa nafasi ya mshtakiwa. Alishinda kesi. Alishinda kwa “r” zake zote.

Jioni moja tulijaribu kuwatafsiria wageni wa Muyinga mazungumzo ya Cruchot, sentensi kwa sentensi, kama wafanyavyo wafasiri wa filamu katika vibanda vya video vya Dar es Salaam na Kampala. Kazi hiyo ilitufunza mengi. Kifaransa kina viwakilishi viwili vya kumwambia mtu mmoja, kimoja cha heshima na kimoja cha mazoea, na Cruchot huruka kutoka hiki hadi kile kwa kadiri ya cheo cha aliye mbele yake. Kiswahili hakina jambo hilo, lakini kina hazina nyingine: bwana, mzee, mkuu, ndugu, wewe, na juu ya yote, afande. Neno hili limetoka katika Kituruki, likapita Misri na Sudani pamoja na askari walioajiriwa huko, likatua katika kambi za Afrika Mashariki. Tulipomfanya Cruchot aseme “afande” kwa Gerber na “wewe bwege” kwa wadogo wake, mara hii hii, kwa pumzi moja, sebule ilivuma kwa vicheko. Hatukuwa tumefasiri maneno ya Kifaransa. Tulikuwa tumefasiri ngazi.

Walakini kicheko hicho kilitukumbusha pia historia. Kiswahili kiliingia Burundi kwa milango miwili: mlango wa wafanyabiashara na mlango wa askari. Utawala wa Wajerumani, ambao boma lao la Gitega lilianza kujengwa mwaka 1912, ulitumia Kiswahili katika kazi zake, na askari wake walikuwa wakiamuru kwa lugha hiyo. Hata leo Kirundi humwita mwanajeshi umusirikare, neno lililotokana na serikali ya Kiswahili. Kwa babu zetu wengi, basi, Kiswahili kilikuwa ni lugha ya kuamriwa. Tukikitumia leo kumchekea mwenye kuamuru, twakirudisha upande wa pili wa meza. Hatusemi hilo kwa kujisifu. Twasema kwamba lugha hubeba kumbukumbu, na kicheko nacho hubeba.

Na kumbukumbu ilikuwapo miongoni mwetu siku hiyo. Tulikuwa na mama mmoja mwenyeji wetu, mjane, ambaye alikuwa amecheka nasi tangu mwanzo. Ilipofika sehemu ambayo mtu asiye na kosa akamatwa na kusukumwa mahabusu, na waliobaki waendelea kufanya mizaha mlangoni, alinyamaza. Hakuondoka wala hakulia. Alichukua vikombe akaenda kuviosha, ingawa vilikuwa safi. Wenyeji wa Burundi hawahitaji kuelezwa. Nchi yetu ilipita katika vita tangu mwaka 1993, ikaonja tena misukosuko mwaka 2015, na katika nyumba nyingi kuna jina la mtu aliyeondoka pamoja na watu wenye silaha asirudi. Tulizima televisheni bila ya kuambiana, na kwa muda hapakuwa na wa kusema neno.

Mzee wetu wa jandarmeri ndiye aliyefungua mazungumzo. Alisema kwamba labda tumekosea kuyaita mambo haya burudani. Mzaha mzaha, alisema, hutumbuka usaha. Kijana wa Brooklyn Nine-Nine alimjibu kwamba waandishi wa mchezo huo nao walifika mahali hapo hapo. Mei 2020 George Floyd aliuawa na polisi mjini Minneapolis, na dunia ikaona. Waandishi walikuwa wamekwisha kuandika vipindi kadhaa vya mfululizo mpya. Wakavitupa, wakaanza upya, kwani hawakuona namna ya kuendelea kuchekesha kana kwamba hakuna kilichotokea. Mfululizo wa mwisho, wa mwaka 2021, ulikuwa na vipindi 10 tu, na katika kile cha kwanza Rosa Diaz, mpelelezi shupavu kuliko wote, alikuwa amekwisha kujiuzulu upolisi kwa sababu ya mambo yale, huku rafiki yake Jake akibaki kazini. Urafiki wao wapata ufa. Jake ataka kuambiwa kwamba yeye si miongoni mwa wabaya. Rosa hana nafasi ya kumbembeleza.

Hapo tuligawanyika kweli kweli, na si kwa umri wala kwa mji. Wengine walisema Rosa amefanya haki: asiyeweza kuisafisha nyumba na atoke, asije akahesabiwa pamoja na uchafu. Wengine, na mzee wa jandarmeri akiwa mmoja wao, walisema kwamba wema wakiondoka wote, watakaobaki ni akina nani? Polisi ya Taifa ilipoundwa mwaka 2004, katika utekelezaji wa makubaliano ya Arusha ya mwaka 2000, ilikusanya majandarme wa zamani pamoja na watu waliokuwa wakipigana nao porini. Mzee alisema kwamba watu hao walijifunza kukaa meza moja kwa njia nyingi, na mojawapo ilikuwa kutaniana. Mama mwenyeji alikuwa amerudi. Alisikiliza, kisha akasema maneno ambayo tumeyachukua kuwa kiini cha makala haya: “Mimi sikatai kucheka. Nakataa kucheka peke yangu upande mmoja.”

Maneno hayo yalitufanya tukumbuke utani, desturi ambayo walimu wa Kiswahili hupenda kuifundisha kwa haraka na kuipita. Utani si mzaha wa ovyo. Wahehe na Wangoni, ambao walipigana vita vikali katika karne ya 19, leo ni watani. Adui wa jana amekuwa mtu unayeweza kumtukana bila kuudhika naye, naye akakutukana. Lakini utani una sharti. Kwanza, ni wa pande mbili: nikikutania, nawe una ruhusa ya kunitania, na hakuna cheo kinachokulinda. Pili, una wajibu: mtani ndiye ajaye msibani, ashughulikie mazishi, awaliwaze wafiwa hata kwa vichekesho, kwa sababu ana haki ya kufika karibu na maumivu kuliko wengine. Yeye hachekeshi kwa kuwa msiba ni mdogo. Achekesha kwa kuwa amebeba jeneza.

Basi tukapima michezo yetu yote kwa mizani hiyo. Cruchot apita, kwa sababu kila anapoonea mtu, hadithi humlipa papo hapo. Mshtakiwa wa Vioja apita, kwa sababu mnyonge hujibu. Holt na Peralta wapita kwa sehemu kubwa, na waandishi wao walionyesha uungwana walipokubali, ingawa kwa kuchelewa, kwamba walio nje ya kituo nao wana la kusema. Kile kipande kilichomnyamazisha mama yetu hakikupita, na si kwa sababu kilionyesha mahabusu, bali kwa sababu aliyesukumwa ndani hakupewa neno hata moja. Alikuwa kitu cha kuchekea tu. Mizaha yote ilikuwa ya wenye funguo.

Twatambua kwamba si wote watakaokubaliana nasi. Wapo watakaosema kwamba kumcheka askari humvunjia heshima, na nchi isiyoheshimu askari wake haina amani. Twawajibu kwa heshima kwamba mjini Saint-Tropez jengo la zamani la jandarmeri limegeuzwa jumba la makumbusho tangu mwaka 2016, na sehemu yake moja ni ya filamu hizo za kuchekesha, bega kwa bega na historia ya majandarme wa kweli. Heshima haikuanguka. Heshima ianguayo kwa kicheko haikuwa heshima, ilikuwa woga. Hapa nyumbani tuna mifano ya kicheko na hadithi zilizoweza kubeba mambo mazito: wapo Ninde, walioichekesha nchi kwa miaka mingi katika redio, na upo mchezo wa redio Umubanyi niwe muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri na kuanza kutangazwa na Studio Ijambo mwaka 1997, vita vikiendelea, ukiwaonyesha Wahutu na Watutsi kama majirani wenye kugombana na kusaidiana. Hiyo ni michezo ya Kirundi, na yafaa iwe hivyo. Lakini Kiswahili nacho kina zamu yake, na twatamani siku moja tuone mchezo wa Kiswahili cha Burundi, wenye kituo kidogo cha polisi cha kubuni mahali fulani baina ya Gitega na Muyinga, wenye mkubwa anayependa risala, kopro asiyeweza kutamka “l”, na mama muuza chai mlangoni anayejua kesi zote kuliko wao.

Kwa walimu wenzetu tuna ombi. Mwanafunzi akikuletea mchezo wa polisi katika simu yake, usimnyang'anye, wala usimwachie peke yake. Mwulize maswali matatu: nani anacheka, nani anachekwa, na aliyechekwa amepewa nafasi ya kujibu? Kisha mpe kalamu aandike jibu la yule ambaye hakupewa. Huo utakuwa utungaji wa Kiswahili, nao utakuwa pia somo la uraia. Sisi tumeanza, huku tukiendelea kubishana. Juu ya Rosa bado hatujapatana, na mzee wa jandarmeri ameahidi kuleta hoja mpya likizo ijayo.